Samaki wa Mtu na Maji ya Watu

Shukrani zote zina Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maji kutoka juu akaihuisha kwayo nchi iliyokufa, akawajaalia waja wake riziki katika bahari na mito. Na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Yako mambo ambayo watu huyadhania kuwa madogo kwa kuwa ni mambo ya starehe, kumbe ndani yake mna haki za watu. Moja katika hayo ni hili: mtu aliyejaaliwa mali, mwenye shamba lake bondeni chini ya Mnyambe katika nchi ya Newala, akakinga kijito kwa tuta la udongo hata pakawa bwawa, akanunua vifaranga vya samaki akavitia humo, akazungusha ua na kuweka mlinzi, ili siku zake za mapumziko aketi ukingoni na mshipi wake, avue yeye na wageni wake tu. Je, jambo hili ni halali? Na jirani akiingia akavua, je, ni mwizi? Na mtoto wa jirani akija na ndoo, je, yafaa kurudishwa?

Mtu wa Lindi au Mikindani huenda akacheka asikiapo masala haya. Yeye amezoea bahari isiyo na ua, ambayo kila mwenye ngalawa na wavu huiendea bila kumbisha hodi mtu. Lakini hukumu haijulikani mpaka mahali pajulikane, na uwanda wa Makonde si kama pwani. Nchi ile imeinuka, na udongo wake wa juu ni mchanga unaoyanywa maji ya mvua mara yanapoanguka, hata juu ya uwanda hakuna mto wala kijito cha kudumu. Maji hutokea chini, kwenye miteremko na mabonde. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliwaona wanawake wakishuka mteremko mrefu kwenda kuteka na kupanda tena na mitungi kichwani. Katika miaka ya 1950 ilijengwa mitambo ya kuyasukuma maji kutoka bondeni hata juu, na kazi hiyo imeendelea; lakini bomba linapokauka, watu hurudia njia ya bibi zao. Basi anayekinga kijito katika nchi kama hiyo hakukinga starehe yake peke yake. Amekinga na njia ya ndoo za watu.

Fasili ya kwanza: samaki ni wa nani?

Asili ya samaki ni uhalali. Mawindo ya majini yamehalalishwa katika Surat al-Maida, aya ya 96, na samaki hahitaji kuchinjwa. Na asili ya samaki aliye mtoni au baharini ni kwamba hana mwenyewe. Humilikiwa na yule aliyemtia mkononi. Lakini huyu mwenye bwawa hakungoja samaki wa mto waingie. Yeye amenunua vifaranga kwa fedha yake, vikawa milki yake tangu vilipokuwa katika pipa, na kuvitia majini hakukuiondoa milki hiyo. Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaji kwamba aliyemiliki kiwindwa, milki yake haiondoki kwa kiwindwa hicho kutoroka, wala kwa mwenyewe kukiachilia, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Ikiwa aliyeachilia haipotezi milki, sembuse aliyeweka ili ahifadhi? Na watoto wa samaki hao humfuata mama yao katika milki, kama ndama na mbuzi.

Ama samaki wa kijito walioingia wenyewe, wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wamepambanua. Ikiwa mwenye bwawa aliziba njia za kutokea, na bwawa ni dogo hata samaki hushikwa bila taabu, amewamiliki. Ikiwa bwawa ni kubwa, na samaki hawapatikani ila kwa kuwafukuza na kuwategea, hajawamiliki, ila yeye ana haki zaidi ya wengine. Kwa hiyo jirani anayeruka ua usiku na kuvua samaki waliotiwa humo ametwaa mali ya mtu bila idhini, na hapana udhuru katika kusema kwamba samaki ni wa Mungu. Kila mali ni ya Mungu, na mali ya mtu haimhalalikii mwingine ila kwa ridhaa ya nafsi yake.

Na akitaka kuuza, asiwauze wangali katika maji mengi, kwani hajui mnunuzi anunua nini wala wangapi, na huo ni uuzaji wa gharari. Awatoe kwanza, wapimwe, ndipo auze. Na akiwafuga kwa biashara, itampasa zaka ya biashara kila mwaka kwa masharti yake, nayo ni 2.5 katika 100 ya thamani; akiwafuga kwa kula tu, hakuna zaka juu yao.

Fasili ya pili: maji ni ya nani?

Hapa ndipo wengi hukosea. Mwenye bwawa husema: samaki ni wangu, basi na bwawa lote ni langu. Lakini milki ya samaki haivuti milki ya maji. Mtume, rehema na amani zimshukie, amewafanya watu washirika katika maji, malisho na moto, na amekataza kuyazuia maji yaliyozidi. Wanavyuoni wakayagawa maji mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni maji ya mito na vijito: hayo ni ya watu wote. La pili ni maji ya kisima alichochimba mtu katika milki yake: hayo ni yake kwa kauli iliyo sahihi zaidi, lakini yakizidi haja yake, humpasa kuwapa wanyama wa wengine wanywe, ikiwa hapana maji mengine ya bure karibu, na malisho yako jirani, na wala hapati dhara. Si wajibu kutoa kwa ajili ya mimea ya mwingine. La tatu ni maji yaliyotiwa katika chombo au birika: hayo ni mali kama mali nyingine, ila mwenye kiu ya kuangamiza hapaswi kunyimwa.

Bwawa lililokinga kijito linahusika na fungu la kwanza, kwani maji ya mto hayawi milki ya mtu kwa kupita tu katika shamba lake. Naye aliye juu hutumia kwanza, kwa kadiri ya haja, kisha huyaachilia yamfikie aliye chini. Ndivyo Mtume alivyoamua baina ya Zubair na mtu wa Ansari waliogombania mfereji huko Madina, na habari hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Zubair aliambiwa anyweshe kisha aachilie. Na Ansari alipokasirika akadhani yeye amependelewa kwa ujamaa, ndipo Zubair akaamriwa atimize haki yake yote, mpaka maji yafike mizizini. Ajue msomaji mafunzo mawili hapa. La kwanza, aliye juu ana haki ya kutangulia, si haki ya kuzuia. La pili, amri ya mwanzo ilikuwa ya upole na ujirani, kwa chini ya haki kamili. Na ujirani ndio uliotangulizwa.

Serikali nayo imeweka sheria katika jambo hili. Sheria ya Tanzania ya usimamizi wa rasilimali za maji, namba 11 ya mwaka 2009, yamtaka anayekinga mto apate kibali, na nchi hizo ziko chini ya bodi ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini. Kuitii amri kama hii, yenye maslaha kwa watu na isiyo na maasi, ni wajibu wa Muislamu.

Fasili ya tatu: kuvua kwa starehe

Kujipumzisha si haramu, na kuvua ili kula ni halali hata kama mvuvi anaona raha katika kungoja. Wapwani wanaijua raha hiyo. Lakini kumkamata samaki kwa ndoana, kumtoa damu, kumpiga picha, kisha kumrudisha majini ili ajeruhiwe tena wiki ijayo, bila haja ya kula wala dawa, hilo limeingia katika kukifanya kiumbe chenye roho kuwa mchezo; na Mtume amekataza kukifanya kilicho hai kuwa shabaha. Anayerudisha kifaranga ili kikue, huyo ana maslaha, wala halaumiwi. Anayevua apitacho uwezo wa kula, akaacha waoze, huyo ni mbadhirifu. Na mwenye bwawa anayevua kilo 10, watu wake wala 2, naye akawapelekea majirani 8, starehe yake imegeuka sadaka.

Fasili ya nne: samaki mgeni

Imebaki jambo la nne, nalo ni la hatari zaidi kwa kuwa halionekani mara moja. Wenye mabwawa hupenda samaki wa nchi za mbali, kama karpi, aliyetoka Ulaya na Asia, ambaye hukua upesi na huvumilia maji mabaya. Karpi jike mkubwa hutaga mayai laki nyingi. Naye hula kwa kuchimbua matope, hata maji yakatibuka na majani ya chini yakang'oka.

Na yamekwisha tokea. Katika ziwa Naivasha, nchi ya Kenya, walitiwa samaki wa Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa mchezo. Baadaye karpi wakaingia kwa njia ya mto Malewa bila kukusudiwa, wakaonekana ziwani mwaka 2001, na baada ya miaka michache wakawa ndio wengi katika nyavu. Wavuvi walipata chakula na fedha, hilo halikanushwi. Lakini ziwa halikurudi kuwa lile la kwanza. Na katika ziwa Victoria, sangara aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960 aliwala furu, hata aina nyingi zisizopatikana kwingine duniani zikatoweka. Sangara naye amejenga nyumba na kusomesha watoto. Lakini hakuna fedha itakayomrudisha furu aliyepotea.

Maji ya miteremko ya kusini ya Makonde yaelekea mto Ruvuma, wenye perege wake wa asili. Mvua kubwa ikibomoa tuta, samaki wa mtu mmoja watakuwa samaki wa mto mzima, kwani maji yakimwagika hayazoleki. Na hukumu yake ni ya ajabu: kwa asili milki yake haiondoki kwa kutoroka, lakini wakichanganyika na samaki wa mto wasio na hesabu, watu hawazuiliwi kuvua. Yeye amepoteza mali, na watu wamepata dhara, na wote wawili hawana wa kumrudishia. Kanuni ya sheria ni kwamba dhara haianzishwi wala hailipizwi kwa dhara, na kuizuia kabla haijatokea ni bora kuliko kuiondoa. Kwa hiyo atie perege au kambare wa maji yale yale, na afunge wavu mlangoni mwa maji, na akae mbali na karpi kabisa.

Hoja na jibu lake

Huenda mwenye bwawa akasema: nikifungua ua kwa ajili ya ndoo, wezi wataingia kwa ajili ya samaki, je, sheria yanitaka niharibu mali yangu? Hoja hii ina nguvu, wala haifai kudharauliwa, kwani kila mwenye mali ana haki ya kuilinda. Jibu lake ni kwamba sheria haikumwambia afungue ua. Imemwambia asizuie maji. Na hayo ni mawili. Na apitishe bomba au mfereji chini ya tuta, ajenge hori la mbuzi na mahali pa kutekea nje ya ua, maji yatoke mchana kutwa. Hapo samaki watakuwa ndani na mlinzi wao, na mtoto mwenye ndoo hatakuwa na haja ya kuruka. Gharama ya bomba ni ndogo kuliko mshahara wa mlinzi. Na jirani asiyenyimwa maji mara nyingi huwa ndiye mlinzi wa samaki.

Lakini akiziba kijito chote mpaka walio chini wakakauka, kisha akaketi kivulini na mshipi wake, samaki wake ni halali kuliwa, na kikao chake ni dhuluma. Wala halali ya samaki haitamwombea siku atakapoulizwa maji.

Khatima

Basi muhtasari wa masala ni huu: samaki aliowatia ni wake, na anayewaiba ni mwizi, maji ya kijito ni ya washirika, na anayeyazuia ni dhalimu, kuvua ili kula ni halali, na kutesa kwa mchezo hakufai, na kuleta samaki mgeni atakayeharibu mto ni kuwadhuru hata wasiozaliwa bado. Mtume ametoa habari ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Mwenye bwawa la Mnyambe amepewa mlango kama huo kila asubuhi, na ufunguo wake ni bomba moja chini ya tuta.

Mwenyezi Mungu awaongoze wenye mali katika haki za mali, na wasio na mali katika uaminifu. Naye ndiye Mjuzi zaidi wa yaliyo sawa.