Mama alipumzika lini?



Mwezi wa sita, shule zilipofungwa, familia yetu ilikwenda Zanzibar. Kwa watu wa Morogoro kama sisi hilo si jambo dogo. Baba aliweka akiba karibu mwaka mzima. Tukapanda basi mpaka Dar, tukalala kwa shangazi, asubuhi boti, na mchana tukawa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kwenye nyumba ndogo ya kupanga yenye vyumba viwili na jiko.

Jambiani ni kuzuri, sitadanganya. Maji yakitoka, bahari inarudi nyuma mbali kabisa, unabaki mchanga mweupe na madimbwi, na akina mama wanashuka kwenye mashamba yao ya mwani, wameinama, kanga zimefungwa kiunoni. Maji yakijaa, wadogo zangu walikuwa hawatoki humo mpaka midomo itetemeke. Baba, ambaye nyumbani simu haimtoki mkononi, alijilaza kivulini (mbali na minazi, alikuwa anaziogopa nazi) na simu akaizima. Mimi nilipiga picha, nikala, nikalala, nikaamka nikala tena.

Jumamosi jioni tulirudi mjini ili Dominika tupate Misa kwenye kanisa la Mtakatifu Yosefu, lile wenyeji wanaloliita Minara Miwili. Na hapo ndipo likizo yangu ilipoharibika, au niseme ilipoanza kunifundisha kitu. Padre yuko katikati ya mahubiri, nageuka, namwona mama amelala. Si kusinzia, jamani. Amelala usingizi wa mtu aliyebeba magunia, kichwa kimeegemea bega la mdogo wangu. Mama yangu ni WAWATA, mtu wa kuamka kabla ya jogoo kwenda Misa ya kwanza. Sijawahi kumwona akilala kanisani. Baba akanyoosha mkono amguse, nami sijui kwa nini nikamzuia.

Nikaanza kuhesabu. Nani aliamka saa kumi na moja kila siku kwenda kununua samaki kwa wavuvi? Nani alikuna nazi? Nani alifua nguo zenye mchanga na chumvi? Pale barazani kulikuwa na jiko la mkaa, na kila nilipotoka baharini nilimkuta mama amekaa mbele yake kwenye kigoda, uso umeelekea moto, mgongo umeelekea bahari. Bahari tuliyolipa nauli kuja kuiona.

Sababu ya kupanga nyumba yenye jiko ilikuwa unafuu. Kula hotelini watu watano siku tatu, baba angefilisika. Kwa hiyo tulipata likizo ya bei nafuu, na ile tofauti ya bei aliilipa mama. Hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari kuilipa. Hata yeye mwenyewe, nadhani, hakujua kwamba analipa.

Na kuna jambo lingine linaloniuma zaidi. Kabla ya kusafiri, baba alimpa ruhusa dada wa kazi aende kwao Mahenge, akamwongezea na nauli. Alisema, na alisema vizuri, kwamba na yeye ni mtoto wa watu, lazima apumzike. Sisi sote tukajiona Wakristo safi. Basi kazi za dada zikahamia kwa mama, juu ya zile zake.

Tuliporudi nyumbani nilifungua kitabu cha Kutoka, sura ya 20, kusoma amri ya tatu kwa utulivu. Wengi tunaijua kwa kifupi tu, kwamba twende Misa. Lakini Mungu pale anataja watu mmoja mmoja wanaotakiwa kupumzika: wewe, mwanao, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, mnyama wako, hata mgeni aliye kwako. Soma tena hiyo orodha. Mnyama yumo. Mke hayumo.

Wafafanuzi wa Biblia husema mke hakusahaulika, yumo ndani ya lile neno "wewe": mume na mke wanaambiwa pamoja. Naikubali hoja hiyo. Ila kijana mwenzangu, nyumbani kwenu hilo "wewe" linawahusu wangapi? Kwetu lilikuwa linamhusu baba, na sisi watoto tuliotajwa, na dada aliyetajwa. Mama alikuwa ndiye anayewezesha amri ishikwe na wengine.

Kumbukumbu la Torati sura ya 5 inairudia amri hiyohiyo, lakini sababu inabadilika. Kwenye Kutoka sababu ni kwamba Mungu alipumzika baada ya kuumba. Hapa Waisraeli wanaambiwa wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri. Siku ileile ya Jumamosi tulikuwa tumepita Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Sisemi mama yangu ni mtumwa, hilo lingekuwa tusi kwake, kwa sababu yeye hupika kwa upendo na mtumwa hakuchagua. Nasema tu kwamba kwa Mungu, kupumzika ni alama ya mtu huru, na mtu huru hasubiri wengine wote washibe ndipo akumbukwe.

Najua jibu mtakaloleta, maana mama mwenyewe alinipa. "Mimi nikikaa bure naumwa, mwanangu." Na pia mtaniletea Marta na Maria wa Luka 10. Kwa kweli nimesikia mahubiri mengi yanayomsema Marta kwa kuhangaika kwake, na Bwana hakukosea kumwambia. Lakini sijawahi kusikia mahubiri yanayouliza wanaume waliokuwa ndani ya nyumba ile siku hiyo walikuwa wanafanya nini. Mtu akishazoea kwamba asipopika hakuliki, kumwambia aache mahangaiko bila kushika mwiko ni maneno matupu.

Injili ninayorudi kwayo siku hizi ni Yohane 21. Mitume wamevua usiku kucha, wamechoka, wanafika ufukweni wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Aliyewasha ule moto ni Bwana mfufuka. Ameshinda mauti, ana vidonda mikononi, na bado anawapikia watu waliokesha kazini. Nikajiuliza: mimi, mwenye miaka 22 na mikono isiyo na kidonda hata kimoja, nilishindwa nini pale Jambiani?

Kwenye boti ya kurudi nilimuuliza, "Mama, umepumzika lakini?" Akacheka. "Nilipumzika kanisani." Baba alikuwa amekaa pembeni yake. Alitazama maji kwa muda mrefu bila kusema kitu, na sisi tukanyamaza.

Dominika iliyofuata nilisema napika mimi. Kuwasha mkaa kulinichukua karibu saa nzima, moshi mtaa mzima. Mama alikuja jikoni mara tatu, mara ya kwanza eti anatafuta kanga yake. Mara ya tatu baba akamshika mkono akamrudisha kwenye kochi, akakaa naye, wakaangalia televisheni kama wageni wanaosubiri kukaribishwa chakula. Wali uliungua chini. Mama alikula sahani yake yote, halafu akauliza kama ukoko umebaki.