Adabu ya Kumpiga Picha Minki

Miongoni mwa ndugu zetu waliohamia Minnesota, Ohio, Ontario na kwingineko Amerika ya Kaskazini, wapo ambao siku za mapumziko hubeba kamera wakaenda kando ya mito na maziwa kutafuta wanyama. Ni jambo jema, linalotuliza moyo na kumkumbusha mtu ukubwa wa kazi ya Muumba. Lakini lina masharti yake. Leo nataka tuyatazame kwa mnyama mmoja ambaye wengi humtamani na wachache humwona, yaani minki.

Minki ni wa jamii moja na nyegere, kicheche na fisi maji wa kwetu. Ana mwili mrefu mwembamba, manyoya ya kahawia iliyokoza na, mara nyingi, baka jeupe kidevuni. Dume ana uzito wa kilo moja au zaidi kidogo. Jike ni mdogo kuliko huyo. Huishi peke yake kandokando ya maji, akila samaki, vyura, kamba wa mtoni, ndege na panya wa majini. Manyoya yake ndiyo yaliyomponza. Kwa miaka mingi amewindwa na kufugwa kwa mamilioni ili avuliwe ngozi itengenezwe makoti. Mwaka 2020, Denmark peke yake iliamuru minki wote wa mashambani, zaidi ya milioni 15, wauawe baada ya virusi vya korona kuenea miongoni mwao. Mnyama aliyekwishatumiwa na binadamu kiasi hicho, sisi tunaomfuata kwa kamera tusimwongezee madhara.

Kwetu mgeni hubisha hodi mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Asipokaribishwa hurudi alikotoka, wala hana haki ya kununa. Ukingo wa mto ni nyumba ya minki. Ukifika, ukakaa, ukasubiri, naye asitokee, basi amekujibu. Dhambi nyingi za wapiga picha huanzia katika kulikataa jibu hilo. Mmoja huchokoa tundu kwa fimbo. Mwingine hugonga gogo, hupindua mawe, au humkimbiza mnyama ukingoni mpaka apate picha yake. Mwenye kufanya hivyo amevamia, hata kama picha itasifiwa na watu elfu.

Na uvamizi huo una gharama. Mwili mrefu na mwembamba hupoteza joto haraka, na minki hana usingizi mrefu wa majira ya baridi kama walio nao baadhi ya wanyama wa nchi za theluji. Maji yakianza kuganda, bado lazima aingie kuvua, tena ale mara kwa mara. Ukimfukuza penye tundu la barafu analovulia, umemnyang'anya mlo wakati ambapo kila mlo una thamani.

Majira ya machipuko ni ya kuogopwa zaidi. Minki hupandana kati ya Februari na Aprili, na watoto huzaliwa mwishoni mwa Aprili au mwezi wa Mei. Huzaliwa vipofu, na huchukua wiki kadhaa kabla ya kufumbua macho. Dume hashiriki malezi. Jike peke yake huwinda, hunyonyesha na kulinda. Akihisi kwamba maficho yake yamegunduliwa, anaweza kuwahamisha watoto mmoja mmoja akiwabeba kwa mdomo, na wakati huo waliobaki hawana mlinzi. Kwa hiyo nasaha yangu haina mlango wa nyuma: ukilijua tundu lenye watoto, ondoka, usirudi. Subiri hadi Julai, watoto watakapokuwa wakitoka wenyewe kumfuata mama yao mtoni, kisha watazame kwa mbali.

Chambo nacho ni mtego wa nafsi. Mtu hujiambia kwamba kumtupia samaki ni ukarimu. Sivyo. Mnyama anayezoea kupata chakula penye harufu ya binadamu ataifuata harufu hiyo hata kwa mfugaji wa kuku, naye mfugaji hana kamera mkononi. Tena yako maradhi. Desemba 2020, Wizara ya Kilimo ya Marekani ilithibitisha virusi vya korona kwa minki wa mwituni huko Utah, karibu na shamba la minki lililokuwa na maambukizi. Kama maradhi yanavuka namna hiyo kati ya watu, mifugo na wanyama wa mwituni, kulisha na kushika si mapenzi.

Sasa, afanyeje mtu anayetaka kumwona kwa heshima? Aanze kwa kusoma nyayo kwenye tope na kinyesi juu ya mawe na magogo. Aende alfajiri au jua linapotua, upepo ukimpiga usoni, maana pua ya minki ni kali. Minki huwinda akifuata ukingo, akiingia na kutoka kwenye mizizi na mashimo. Kwa hiyo usimwandame kwa nyuma. Mtangulie kwa mbali, kaa chini, tulia, umwache aamue mwenyewe kupita au kugeuka. Mara nyingi mtu aliyetulia kweli hupitwa karibu kuliko alivyotarajia. Tumia lenzi ndefu, ya milimita 400 au zaidi, ili urefu wake uwe badala ya hatua zako. Usimmulike kwa flashi gizani, na droni iache nyumbani. Kipimo cha umbali ni mnyama mwenyewe: akiacha kula, akiinua kichwa na kukukodolea macho, umeshasogea mno. Rudi nyuma polepole. Na kama ardhi ina mwenyewe, omba ruhusa kwanza.

Ukishapata picha, amana bado iko mikononi mwako. Simu na kamera nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Katika majimbo mengi ya Marekani na Kanada, kutega minki kwa ajili ya manyoya ni halali katika msimu wake. Futa taarifa hizo za mahali kabla ya kusambaza picha, usije ukawa mwongozaji wa mtegaji bila kujua.

Kwa wasomaji wetu walioko Ulaya, jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu huko kuna minki wa aina mbili. Minki wa Ulaya, mwenye weupe juu na chini ya mdomo, yuko ukingoni mwa kutoweka. Wamebaki wachache kaskazini mwa Hispania, kusini-magharibi mwa Ufaransa na katika delta ya mto Danube, pamoja na kisiwa cha Hiiumaa huko Estonia, ambako walianza kurudishwa mwaka 2000. Ukibahatika kumwona, wajulishe wahifadhi, umma usijue mahali. Minki wa Marekani, kwa upande mwingine, alipelekwa Ulaya kufugwa, akatoroka, na huko Uingereza amewaangamiza panya wa majini wa asili katika mito mingi. Wahifadhi humtega kwa sababu hiyo. Usiguse mitego yao, wala usimfungulie kwa huruma minki aliyenaswa, kwani Uingereza kumwachilia ni kosa kisheria. Lakini kuwa kwake mgeni mharibifu hakumpi mpiga picha ruhusa ya kumtesa. Mnyama hakuchagua kuvushwa bahari.

Mwisho ni ukweli. Mwaka 2010, Makumbusho ya Historia Asilia ya London yalimvua ushindi mpiga picha katika shindano lake maarufu la picha za wanyamapori. Majaji waliona kwamba mbwamwitu aliyeonekana akiruka lango huenda alikuwa amefugwa na kufunzwa, ingawa mpiga picha alikana. Picha ilikuwa nzuri. Walichokataa ni madai yaliyoambatana nayo. Ukimpiga picha minki aliyefungiwa, andika kwamba amefungiwa. Ukitumia kamera ya kujipiga yenyewe, sema hivyo. Mtazamaji anaiamini picha yako, nawe usimlaghai.

Basi, wewe unayejiandaa kwenda mtoni, nakuomba uweke nia kabla ya kuchaji betri: kwamba utakuwa radhi kurudi mikono mitupu. Asiye na nia hiyo atashindwa na tamaa yake saa ya tatu ya kusubiri, na aliye nayo hatahitaji sheria ya kumzuia. Uwafundishe na watoto wako hivyo hivyo. Haki ya minki kula, kulala na kulea watoto wake kwa amani hutangulia haki yako ya kuwa na picha.