Kisa cha Swema na Dhamana ya Msimulizi

Mwaka 1868 Padri Horner na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja, wakaanzisha misheni Bagamoyo, na humo wakawalea watoto waliokombolewa utumwani. Kazi hiyo ilihitaji fedha za waumini wa Ulaya, watu wasiopata kuiona pwani hii. Kilichowafikia na kuwagusa ni visa.

Kimojawapo ni cha Swema, binti wa Kiyao aliyechukuliwa kwa deni la mama yake, akafikishwa Unguja akiwa taabani, akadhaniwa amekufa, akazikwa, kisha akafukuliwa angali hai. Horner alikiandika kisa hicho, na mwaka 1870 Gaume akakichapisha Paris.

Je, lilikuwa jambo la haki? Atakayejibu ndiyo ana hoja nzito. Kimya nacho kingekuwa dhuluma: kati ya maelfu waliopitishwa pwani hii, wachache mno wameachiwa hata jina, naye Swema ni miongoni mwao.

Lakini itazamwe bei yake. Aliyeyapitia ni Swema. Lugha iliyochapishwa ni Kifaransa, na mpango wa maneno ni wa wengine. Anwani ya kitabu inamtambulisha kuwa mtumwa mdogo wa Kiafrika aliyezikwa hai, kana kwamba kaburi ndilo maisha yake yote. Mwaka 1983 mwanahistoria Edward Alpers alipokirejea kisa hicho, alikisoma kwa jicho la unyonge wa wanawake wa zama zile. Deni la mama, ambalo mhubiri angelipita haraka ili alifikie kaburi, hapo lina uzito wake.

Hapo ndipo ilipo dhamana ya kila asimamaye mimbarini au jukwaani. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Na mwosha mwema hutoka chumbani amefumba mdomo. Msimulizi wa msiba wa mwenziwe ni mwosha aliyeruhusiwa kusema, basi na aseme kwa kiasi cha ruhusa aliyopewa. Machozi ya wasikilizaji hayathibitishi kuwa amesema vyema. Ajiulize badala yake: mwenye kisa angekuwa ameketi safu ya mbele, angejitambua kuwa ni mtu, au angejiona mfano tu? Akijiona mfano, amezikwa mara ya pili.