Lisemwalo Lipo, Lakini Lipo Wapi?

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Siku hizi methali hii haikawii kutajwa kila jina la mwanamuziki linapochafuka. Asubuhi inasambaa picha ya skrini: mazungumzo ya WhatsApp yasiyo na tarehe, namba imefichwa, na chini yake kipande cha sauti ya binti anayelia. Adhuhuri kurasa za udaku zimeshaweka sura ya msanii na maandishi mekundu. Jioni wanaomtetea wanapigwa spana, wanaomshutumu wanaitwa timu ya mpinzani wake, na katikati ya zogo lote hilo anatokea mtu wa makamo, mwenye kauli ya utu uzima, anaandika: lisemwalo lipo. Mjadala umekwisha. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyesema, alimwambia nani, lini, naye alijuaje.

Naipenda methali hii, ndiyo maana inaniuma kuiona ikifanyishwa kazi isiyo yake.

Tazama inavyotumika pale inapotumika vizuri. Mzazi anaambiwa na majirani kuwa mwanawe anaaga kwenda shule na hafiki. Anajibu kuwa watu wana husuda. Mwenyekiti wa chama cha kuweka na kukopa ananong'onezwa kuwa mhazini anachota fedha za wanachama, anacheka. Hao ndio wanaoambiwa lisemwalo lipo. Methali haimpi ushindi msemaji. Inamwamsha msikiaji mzito, inamwambia inuka ukatazame. Sikio likishasikia, miguu ina kazi. Anayeitamka kisha akabaki amekaa, kidole kwenye simu, ameichukua nusu ya methali inayompendeza na kuitupa nusu inayomtaka ajisumbue.

Na haikuachwa peke yake. Hazina hiyohiyo iliyotupa lisemwalo lipo imetupa pia mdhaniwa ndiye siye. Mtu aliyelelewa katika methali hazichagui kama mtu anayechagua mtetezi wa kesi yake. Anazisikia zote mbili kwa pamoja, kisha anabaki na mzigo wa kupambanua. Uzito wa kimaadili uko hapo, katika kule kupambanua, na ndiko tunakokukimbia.

Waislamu wa pwani wana kisa wanachokijua tangu madrasa. Bibi Aisha, mke wa Mtume, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alibaki nyuma ya msafara akitafuta kidani chake kilichopotea, akarudishwa na Safwan, na kwa muda wa karibu mwezi mmoja Madina ikanong'ona juu yao. Ilipoteremka Sura ya An-Nur, karipio halikuwaangukia waliotunga uzushi pekee. Liliwafikia pia waumini wa kawaida, watu wema, waliolipokea neno na kulipitisha bila kuwa na elimu nalo, wakiliona jambo dogo. Hawakutunga kitu. Walipitisha tu. Kila ninaposoma maneno "imesambazwa mara nyingi" juu ya ujumbe wa simu, nawakumbuka hao.

Hata hivyo nisieleweke kwamba kila sauti inayomshutumu mwanamuziki ni uzushi. Kuna mahali ambapo lililosemwa lilikuwapo kweli, na dunia ilichelewa kwenda kutazama. Mwaka 1994 ilifahamika kwamba R. Kelly alifunga ndoa na mwimbaji Aaliyah, binti wa miaka 15, cheti kikiandika miaka 18; ndoa ikabatilishwa. Desemba 2000 waandishi wawili wa gazeti la Chicago Sun-Times, Jim DeRogatis na Abdon Pallasch, wakachapisha habari za wasichana waliosema amewadhulumu. Walikuwa wamesoma majalada ya mahakama na kuwatafuta watu waliokuwa karibu na mambo yenyewe. Mwaka 2002 akashtakiwa, na Juni 2008 mahakama ya Chicago ikamwachia huru kwa mashtaka yote 14.

Miaka miwili baadaye Afrika ilikuwa inaimba naye. Mradi wa One8 ulikusanya wasanii wa nchi mbalimbali katika wimbo aliouandika na kuutayarisha yeye, Alikiba wetu na Amani wa Kenya wakiwamo. Tulishangilia kuona vijana wetu wamefika Chicago, na hapakuwa na ubaya kushangilia. Mahakama ilikuwa imeshasema. Lakini waliosema wamedhulumiwa hawakuwa wamekwenda popote. Mwaka 2017 wanawake wawili wa Atlanta, Kenyette Barnes na Oronike Odeleye, walianzisha kampeni ya kuzitaka redio ziache kupiga nyimbo zake. Januari 2019 ikatoka filamu ya mfululizo ambamo wanawake walikaa mbele ya kamera, sura wazi, wakaeleza. Septemba 2021 mahakama ya Brooklyn ikamtia hatiani, na Juni 2022 akahukumiwa kifungo cha miaka 30.

Wapo wanaokitumia kisa hiki kusema: mnaona, mtandao ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Mimi nakisoma vingine. Mtandao ulikuta kazi imeshafanywa kwa miaka kumi na saba. Kulikuwa na majalada, kulikuwa na watu waliokubali kutaja walipokuwa, mwaka gani, na nani mwingine alikuwamo nyumbani. Kususiwa kwake kulikuja nyuma ya uchunguzi. Ukiona kususia kumetangulia na uchunguzi haujulikani ulipo, hicho ni kitu kingine hata kama kelele zake zinafanana.

Kitu cha jamii hiyo, aibu ya hadharani kutangulia uchunguzi, kilimpata mwimbaji Cliff Richard. Tarehe 14 Agosti 2014 polisi wa South Yorkshire walipekua nyumba yake ya Berkshire, Uingereza, kufuatia dai la tukio la miaka ya 1980. Mwenyewe alikuwa Ureno, mzee wa miaka 73. BBC ilikuwa imeshajua kabla, ikapeleka helikopta juu ya nyumba, na watazamaji wakaonyeshwa kupitia dirisha askari wakipekua vyumba vyake. Hakukamatwa siku hiyo wala siku nyingine. Hakushtakiwa. Juni 2016, karibu miaka miwili baadaye, waendesha mashtaka walisema ushahidi hautoshi. Alikwenda mahakamani kudai faragha yake, na Julai 2018 Jaji Mann akaamuru BBC imlipe pauni 210,000, na kati ya hizo 20,000 zilitokana na shirika hilo kuipeleka habari ya upekuzi kushindania tuzo ya uandishi.

Hapa ndipo sehemu ya pili ya methali inaponitisha. Kama halipo, laja. Kwa kawaida tunaisoma kama utabiri: ngoja tu, ukweli utafika. Lakini lipo jambo jingine linaloweza kuwa njiani, nalo huletwa na maneno yenyewe. Mtu husemwa kuwa ameharibikiwa, na kwa kusemwa huko mikataba inavunjwa, matamasha yanafutwa, watoto wake wanatazamwa shuleni kwa jicho la pembeni, na mwisho wa mwaka kweli ameharibikiwa. Kisha tunasema, si tulisema? Ndiyo, tulisema. Tulilosema limekuja kwa sababu tulilibeba sisi hadi mlangoni kwake. Na aliyeusambaza uvumi kwenye kundi la familia kwa kawaida hapewi hati ya kumtaka alipe hata shilingi.

Kwetu kuna jambo linaloongeza ugumu, nalo ni kiki. Msanii ana wimbo unaotoka Ijumaa. Jumatatu anaachwa na mpenzi, Jumatano anagombana na meneja, Alhamisi kuna mimba. Hadhira imezoea kiasi kwamba tetesi imekuwa sehemu ya tangazo la wimbo. Wanamuziki wanaofanya hivi wanajiona wajanja, na redio na kurasa zinazowasaidia zinajua zinachokifanya. Hasara yake huwaangukia watu wawili wasiohusika kabisa. Wa kwanza ni msanii atakayezuliwa jambo zito kesho. Watu watalimeza kwa sababu wameshazoea kuyala maisha ya wasanii kama ubuyu. Wa pili, na huyu ndiye anayenihuzunisha zaidi, ni binti atakayetokea siku moja na neno la kweli, akaambiwa anatafuta kiki. Ongeza kwamba leo programu inaweza kuiga sauti ya mtu kwa muda mfupi sana, na utaona kwa nini kile kipande cha sauti ya kilio hakitoshi kumhukumu mtu, wala hakitoshi kupuuzwa.

Mwimbaji Siti binti Saad aliijua midomo ya watu kwa pande zake zote mbili. Alipotoka Fumba akaingia mjini Unguja, na sifa zake zikaanza kuvuma, wenye kijicho walimtungia wimbo wa kumdhihaki kwa asili yake ya shamba na kwa umaskini aliokuja nao. Akajibu kwa wimbo, na jina lake likabaki. Lakini Siti huyohuyo aliimba Kijiti, habari ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja, ya mtuhumiwa aliyetoroka, na ya mahakama ya kikoloni iliyowaadhibu wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Wimbo ule unamtaja mtu kwa jina, na bado siuweki kapu moja na uvumi, kwa sababu unasimulia nani alikuwa na nani, walikwenda wapi, na baraza la hakimu lilifanya nini. Ulikuwa na kitu ambacho msikilizaji angeweza kukifuata na kukiuliza. Na uliimbwa kwa kuwa mlango wa haki ulikuwa umefungwa.

Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Ya Kenya ina haki hiyohiyo katika ibara ya 50. Watu hujibu kwamba maneno hayo yanaibana serikali, si mimi na simu yangu, na kwa upande wa sheria wana hoja. Hakuna sheria inayonilazimisha kupiga wimbo wa mtu kwenye harusi ya binti yangu. Naweza kuuacha kimya, kwa kuwa moyo umeingia shaka, bila kumwambia mtu yeyote kwamba mwimbaji ni mbakaji. Kuacha kusikiliza ni haki ya sikio langu. Kutangaza hatia ya mtu ni jambo linalohitaji ushahidi, hata anayetangaza akiwa si hakimu.

Na binti anayekuja na neno lake hahitaji kwanza jeshi la mtandaoni. Anahitaji mtu mmoja wa kumsindikiza hadi Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, apewe fomu ya PF3 na afike hospitali. Akiwa Zanzibar, kuna vituo vya Mkono kwa Mkono. Asishauriwe kuoga kwanza, na nguo alizovaa zisifuliwe, kwa sababu ushahidi huondoka na maji. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na saa hizo zinahesabiwa tangu tukio, si tangu kundi lilipomaliza kubishana yeye ni timu gani.