WAZEE WETU: NYUMBANI, AU NYUMBA YA WAZEE?

Suala hili huulizwa mara kwa mara katika darasa yetu hapa Jomvu Kuu: Jee, yafaa Muislamu kumtoa mzazi wake nyumbani na kumpeleka katika nyumba ya kutunzia wazee? Wengi hujibu upesi, "Haifai! Hiyo ni ada ya Wazungu." Sisi twaona jibu hili ni pungufu, nalo hutufichia makosa yetu wenyewe.

Nyumba hizo si za Wazungu peke yao. Unguja, nchi ya Waislamu, Serikali ilisimamia Sebleni na Welezo kwa miaka mingi, ikihifadhi wazee wasio na wa kuwatunza. Kumhifadhi mtu kama huyo ni fardhi kifaya: asipopatikana wa kuitekeleza, mji mzima hupata dhambi.

Ama mzee mwenye watoto, hukumu yake ni nyengine. Aya ya 23 ya Suratul-Israa yakataza hata neno dogo la kuchoshwa na wazazi, nayo yautaja uzee kuwa umewafikia wakiwa kwako wewe mtoto. Kuwa kwako si kuwa ndani ya kuta zako tu. Mama afungiwaye chumbani tangu alfajiri hata magharibi, hana wa kumpa maji wala wa kumshika mkono akatawadhe, yuko nyumbani kwa jina. Kwa hakika amekwisha tupwa.

Tena, ni nani amhudumiaye? Mara nyingi ni mke wa mwana. Kisharia mke huyo hana wajibu wa kumtumikia mkwewe. Akifanya ni ihsani yake. Nafaka ya mzazi fakiri ni juu ya watoto wake wenye uwezo, wanaume kwa wanawake. Aliyeko Arabuni akileta fedha kila mwezi amelipa sehemu tu ya deni. Kadhalika shilingi 2,000 za Inua Jamii hununua unga. Hazimgeuzi mgonjwa kitandani. Hata Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, imewataja jamaa pamoja na Serikali katika kumtunza mzee.

Rai yetu ni hii: watoto wakae kitako wagawane zamu, huyu mchana, huyu usiku, huyu ujira wa mtumishi. Ugonjwa ukiwashinda, wampeleke penye uuguzi bora, kwa ridhaa yake, wala wasikome kumzuru; huo si uasi. Uasi ni kumwacha peke yake, iwe kwa wageni au chini ya paa letu.

Mwenyezi Mungu atujaalie huruma kwa wazee wetu, kabla hatujafika walipofika. Amin.