Kukwama kwa Kalamu

Miongoni mwa mashaka yampatayo mtu wa elimu, liko moja lisilo na jeraha wala homa, na kwa sababu hiyo halihurumiwi sana. Mtu huketi mbele ya karatasi akiwa na afya, wino na nafasi, walakini neno la kwanza haliji. Huandika sentensi moja akaifuta, huandika nyingine akaichukia, kisha huondoka akisema kwamba kesho itakuwa siku njema zaidi. Kesho huja kama leo ilivyokuja, na karatasi hubaki nyeupe. Hali hii ni kukwama kwa kalamu. Wengi huitazama kama jambo la ufundi tu, la kutafutiwa hila na dawa. Lakini ndani yake mna swali la maadili lililo kubwa kuliko hila zote: Je, mwandishi anyamazaye ana hatia au ana udhuru? Na kama ana hatia, anamkosea nani?

Msiba huu si mpya. Ibn Qutayba, mwanachuoni aliyefariki Baghdad mwaka 889, alipoandika kitabu chake juu ya mashairi na washairi wa Kiarabu, alisimulia habari za al-Farazdaq, bingwa wa ushairi wa zama za Banu Umayya. Mtu huyo, ambaye ulimi wake uliogopwa na wakubwa na wadogo, alikiri kwamba zilimjia saa ambazo kung'oa jino kulikuwa kwepesi kuliko kutunga ubeti mmoja. Mwanachuoni huyo alitaja pia nyakati ambazo utungo huwa mwepesi: mwanzo wa usiku kabla ya usingizi, asubuhi kabla ya chakula, na upweke wa kifungoni au safarini. Zaidi ya miaka elfu moja ilipita, na mwaka 1947 Edmund Bergler, tabibu wa nafsi aliyetoka Vienna akahamia New York, aliupa msiba huo jina la Kiingereza ambalo linatumika mpaka leo. Basi aliyekwama asijidhani kuwa mkiwa. Amekaa katika baraza lenye watu wengi wenye heshima.

Hukumu mbili za haraka hutolewa juu yake. Ya kwanza husema kwamba kukwama ni uvivu, na dawa ya mvivu ni fimbo. Ya pili husema kwamba utungaji ni kipaji kishukacho kama mvua, na mkulima hana la kufanya ila kutazama mawingu. Hukumu zote mbili zina upungufu. Joseph Mitchell, mwandishi hodari wa jarida la New Yorker la Marekani, alichapisha kazi yake kubwa ya mwisho mwaka 1964. Tangu hapo mpaka alipokufa mwaka 1996 aliendelea kwenda ofisini mwake, wala hakutoa tena makala nyingine kubwa jaridani humo. Mvivu hashiki njia ya ofisini kwa miaka 32. Hapa fimbo haina kazi. Lakini subira nayo haina sifa hapa, kwa kuwa mvua iliyongojwa miaka hiyo yote haikunyesha. Ni lazima basi kuuliza, kabla ya kutaja dawa, kalamu imekwamishwa na nini. Maana ukimya wa mwandishi si mmoja. Zipo namna nne angalau, na kila namna ina hukumu yake.

Namna ya kwanza ni ukimya wa ghala tupu. Mwanafunzi hukaa kuandika juu ya jambo ambalo hajalisoma vya kutosha, hajaliuliza kwa wenyeji wake, wala hajalifikiri mpaka mwisho. Kalamu yake ikikataa, imefanya insafu. Kisima kikikauka, kuvuta kamba kwa nguvu hakuongezi maji ndani ya ndoo. Kuthayyir, mshairi mwingine wa zama za al-Farazdaq, alipoulizwa afanyalo utungo ukimwia mgumu, alijibu kwamba huzunguka katika mahame na bustani zenye majani mabichi. Maana yake ni kwamba aliacha kuikamua nafsi, akaenda kuilisha. Ukimya wa namna hii hauna hatia. Hatia ni ya yule ambaye huuvunja kwa maneno matupu. Dawa yake haipo mezani. Ipo maktabani, sokoni, shambani, na kwa wazee ambao hawajaulizwa.

Namna ya pili ni ukimya wa kuogopa hukumu, na huu ndio uwapatao wasomi zaidi. Mwandishi amejaa maneno, lakini kila neno likitoka hukutana na hakimu mlangoni. Hakimu huyo hutazama sura yake, nasaba yake na mavazi yake, akalirudisha ndani. Hakuna kadhi mwenye haki amkatizaye shahidi kwa kila neno. Humwacha aseme mpaka mwisho, ndipo apime. Lakini mwandishi huyu amejifanya shahidi na kadhi kwa saa ile ile, na kwa hiyo kesi yake haisikilizwi abadani. Mara nyingi chanzo chake huitwa unyenyekevu. Mtu husema, “Mimi si kitu, siwezi kuandika lolote la maana.” Chini ya maneno hayo aghalabu hulala kupenda jina: mtu hataki kuonekana mdogo kuliko alivyojidhania kuwa. Aliye mnyenyekevu kweli haoni ajabu kuandika ukurasa mbaya, kwa sababu hakudai tangu mwanzo kwamba kurasa zake zote zitakuwa nzuri.

Dawa ya ukimya huu ni mbili. Ya kwanza ni kuzitenga siku: leo iwe ya shahidi, kesho iwe ya kadhi. Aandike leo bila kufuta, akijua kwamba hakuna atakayeona. Kesho afute bila huruma. Ya pili ni kuwasahau wasomaji elfu na kumkumbuka mmoja. Mwana Kupona binti Msham alipotunga utenzi wake mwaka 1858, alikuwa mgonjwa, na fikira yake ilielekea kwa mtu mmoja, yaani binti yake Mwana Hashima. Hakukaa kujiuliza wanachuoni wa Lamu watasemaje. Alikuwa na mtoto wa kumwachia wosia na siku chache za kuuandika. Utenzi uliokusudiwa nyumba moja umesomwa na vizazi vya watu ambao Mwana Kupona hakuwajua. Mapenzi kwa msomaji mmoja yalifanya kazi ambayo tamaa ya kuwapendeza wote haiwezi kuifanya.

Namna ya tatu ni ukimya wa kuogopa kweli. Hapa mwandishi ana maneno, na anajua kuwa ni mazuri, lakini anajua pia nani atachukia. Mshairi Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa tangu mwaka 1969 mpaka 1972 kwa sababu ya waraka wake, Kenya: Twendapi? Gerezani alitunga mashairi kwa siri katika karatasi za chooni, nayo yakatoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Mwaka 1978 Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa kizuizini Kamiti, aliandika katika karatasi za namna hiyo riwaya yake Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa lugha ya Kikuyu. Ibn Qutayba aliutaja upweke wa kifungoni kuwa rafiki wa utungo. Lakini ni makosa kudhani kwamba minyororo ni neema. Wafungwa wengi walitoka kimya, na baadhi hawakutoka. Kwa hiyo hakuna mtu aliyekaa salama awezaye kumwamuru mwenzake aende gerezani kwa ajili ya ubeti. Lakini lipo analodaiwa hata mwenye hofu: asiseme uongo juu ya ukimya wake. Hofu na iitwe hofu. Anayesema kwamba hana la kuandika, hali anajua kwamba analo na anaogopa, ameongeza udanganyifu juu ya woga; na woga una udhuru ambao udanganyifu hauna.

Namna ya nne ni ukimya wa kungojea nafasi. Mtu husema ataandika mitihani ikiisha, au watoto wakikua, au akistaafu. Shaaban Robert aliajiriwa katika idara ya forodha tangu mwaka 1926 mpaka 1944, na baada ya hapo akafanya kazi katika ofisi nyingine za serikali kwa miaka mingi. Mashairi, insha na hadithi zake ziliandikwa na karani aliyekuwa na daftari za mwajiri za kujaza. Alipofariki mwaka 1962 alikuwa ameacha maandiko mengine ambayo hayajapigwa chapa. Kufikirika kilitoka mwaka 1967. Hakungoja nafasi, wala hakungoja mpiga chapa. Katika nchi ya Uingereza, Anthony Trollope, mtumishi wa posta, aliamka mapema na kuketi mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa imewekwa mbele yake, akajilazimisha kuandika maneno 250 kwa kila robo saa kabla ya kwenda kazini. Kwa njia hiyo alitunga riwaya 47. Haba na haba hujaza kibaba.

Hapo mpinzani atauliza: Je, maneno yaliyopimwa kwa saa si maneno ya kiwanda? Wasomaji wa Trollope walipojua siri hiyo kutokana na tawasifu yake iliyotoka mwaka 1883, baada ya kifo chake, baadhi yao walimdharau. Lakini dharau yao ilielekea pasipostahili. Saa huwapa maneno nafasi ya kuja tu, haiyatungi. Mvuvi atokaye kila siku hana ahadi ya samaki, lakini aliyebaki pwani ana hakika ya kukosa. Ada ya kuketi ni wajibu wa mwandishi. Uzuri wa kilichopatikana ni jambo la kupimwa baadaye.

Siku hizi imezuka njia ya tano ya kuondoa ukurasa mweupe, nayo ni kumpa mwingine aujaze. Zamani mwingine huyo alikuwa mwandishi wa kukodiwa. Sasa zipo programu za kompyuta ambazo hutunga kurasa kwa dakika. Mwanafunzi aliyekwama hushawishika. Chombo kama hicho kikitumika kutafuta kitabu au kusahihisha tahajia, hakuna lawama. Lakini anayekipa kazi ya kufikiri hakushinda kukwama kwake; amekimbia shauri lililokuwa lake. Kukwama ni dalili kwamba fikira imefika mahali pagumu, na mahali pagumu ndipo elimu inapoanza. Aliyebebwa kuvuka mlima haujui mlima. Ukurasa wake umejaa, lakini ghala lake ni tupu kama lilivyokuwa, na safari hii hana hata ukimya wa kumwambia hivyo.

Sasa swali la kwanza laweza kujibiwa. Mwandishi anyamazaye kwa kukosa cha kusema hamkosei mtu, maadamu anatafuta. Anyamazaye kwa hofu ya jela ana udhuru, maadamu haudanganyi moyo wake. Lakini anyamazaye kwa kulinda jina lake, au kwa kungojea siku isiyo na kazi, amezuia amana. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalikaribia kupotea. Yaliokolewa miaka mingi baadaye na Mwalimu Sikujua pamoja na W. E. Taylor, waliokusanya yale yaliyobaki katika kumbukumbu za watu. Hayo yalikuwa mashairi yaliyokwisha kutungwa na kuimbwa. Ikiwa yaliyosemwa kwa sauti kubwa yaweza kuponyoka hivyo, yale ambayo hayakutoka kifuani hayana wa kuyaokoa. Msomaji ambaye angeyahitaji hatajua alichokikosa, wala hatalalamika. Kwa kuwa mdai huyo hana sauti, deni lake lapasa kukumbukwa na mwenye kulilipa. Na malipo huanza kwa sentensi moja, hata ikiwa mbaya, iliyoachwa isimame mpaka kesho.