Jumatano: Usingizi Kabla ya Agizo

Soma 1 Wafalme 19:3–8. Malaika alimtendea Eliya nini kabla ya kumweleza habari za safari?

Eliya alikuwa mkimbizi. Alilala chini ya mretemu, akiwa ameomba afe. Karipio halikutoka mbinguni. Alilishwa, akaachwa alale tena. Safari ya Horebu ilifuata baadaye.

Kasulu na Kibondo, zilizopokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miaka mingi, zinawajua watu waliolala hivyo njiani. Zinawajua pia wasiolala: mama anayeuguza, mlinzi wa usiku, mkulima anayeshika jembe kabla jogoo hajawika. Hao husifiwa kwa bidii, na anayelala huitwa mvivu.

Lakini mwili uliolala haujaacha kazi. Ubongo umezungukwa na maji maangavu, ambayo hupenya kandokando ya mishipa ya damu na kupita kati ya seli, yakibeba taka. Mwaka 2013 timu ya Maiken Nedergaard, katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, ilieleza kwamba panya walipolala, nafasi kati ya seli za ubongo ziliongezeka kwa takriban asilimia 60. Protini ya beta-amiloidi, ile inayorundikana katika ugonjwa wa Alzheimer, iliondolewa upesi zaidi. Mwaka 2024 watafiti wa Imperial College London walipima panya kwa njia nyingine, wakakuta usafishaji ukipungua usingizini. Uchunguzi unaendelea. Lisilobishaniwa ni kwamba anayekosa usingizi hupungukiwa umakini, kumbukumbu na uvumilivu.

Imani haingoji mjadala huo uishe. Zaburi 127:2 inauhesabu usingizi kuwa kipawa cha Mungu kwa wapendwa wake, wala si ujira wa waliomaliza kazi zote. Anayelala anakiri kwamba ulimwengu unashikwa na Mwingine.

Hata hivyo, kumwambia mama anayeuguza, “Mama, pumzika,” kisha kwenda zako, hakumsaidii. Malaika alikuja na mkate na maji. Darasa laweza kupanga zamu: mmoja amkalie mgonjwa, mwingine achote maji na kutafuta kuni, ili mama huyo alale usiku mmoja mzima.

Jadilini: Ni nani miongoni mwenu, au jirani yenu, ambaye hajalala vizuri juma hili? Ni mzigo gani mnaoweza kumtua kabla ya jua la Ijumaa kuzama?